Tutazame Uma wa Baiskeli Kabla ya Rangi Yake

Baiskeli inapoletwa uani kwa ajili ya kuuzwa, huku kwetu Nyegezi kila mtu hugeuka mkaguzi. Baba huyaminya matairi kwa kidole gumba, mama huuliza bei kisha huiuliza tena, watoto hupiga kengele, na jirani aliyeitwa kushauri huinua gurudumu la nyuma akalizungusha, asikilize kama mnyororo unalia. Rangi ikiwa bado inang'aa na breki zikishika, husikika "Mashaallah" na fedha huhesabiwa. Katika miaka yetu yote ya kuishi mtaa huu hatujapata kumwona mnunuzi aliyechuchumaa ubavuni mwa gurudumu la mbele akautazama uma jinsi ulivyopinda.

Uma ni ile sehemu yenye miguu miwili inayolishika gurudumu la mbele na kupanda kupitia shingo ya fremu hadi kwenye usukani. Ukiutazama kutoka ubavuni, aghalabu hauteremki moja kwa moja. Karibu na mwisho wake huchepuka mbele, mfano wa pembe ya ndama inayoanza kukua. Wako wanaoudhania mpindo huo kuwa ni pambo, na wako wanaosema umewekwa ili kupunguza mtikisiko wa mashimo. Hupunguza, kwa kiasi kidogo. Lakini kazi yake kubwa ni kuamua baiskeli itautii mkono wa mwendeshaji kwa namna gani: kama itashika njia yenyewe au itatangatanga, kama itakata kona kwa wepesi au kwa kulazimishwa. Wazazi wenzetu mnaowanunulia watoto baiskeli, makala haya ni kwa ajili yenu, na tumeyaandika kwa sababu jambo hili lilituingilia nyumbani.

Lilianza kwa zawadi. Mjomba wa watoto alimletea kijana wetu mkubwa, aliyekuwa amemaliza Kidato cha Nne, baiskeli ya mashindano iliyotumika, ile yenye matairi membamba na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Kijana huyu alikuwa akiitamani tangu utotoni. Anayeishi karibu na barabara kuu itokayo mjini Mwanza kupitia Mkuyuni, Butimba na Nyegezi kwenda Mkolani, Buhongwa na Usagara, hawezi kukosa kuwaona waendeshaji wanaofanya mazoezi baada ya Alfajiri, vichwa vimeinama, wakifuatana kama ndege wa ziwani. Kanda ya Ziwa ni nchi ya baiskeli. Kwa jirani zetu wa Shinyanga baiskeli zilibeba abiria kwa nauli hata zikaitwa daladala, na siku ya mbio za baiskeli hata bibi asiyejua kuendesha hutoka nje akasimama kando ya lami. Kijana wetu alitaka siku moja apite mbele ya macho hayo.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za furaha tupu. Katika vichochoro vya karibu na nyumbani baiskeli ilikuwa nyepesi kama unyoya. Ukiugusa usukani kwa kidole, imekwisha kugeuka. Lakini kwenye miteremko, mwendo ulipokolea, wepesi ule ukawa kitu kingine. Usukani haukuwa na hamu ya kurudi katikati. Akiutoa mkono mmoja apanguse jasho, gurudumu lilichepuka. Akilirudisha, lilipitiliza upande wa pili. Kijana, kama walivyo vijana, alidhani ni ugeni wake wa matairi membamba, akaona haya, akanyamaza. Dada yake ndiye aliyetuambia, baada ya kumkuta penye pipa la maji akiosha kwa siri kiwiko kilichochubuka. Alikuwa ameingia mtaroni huku lori likimpita.

Tulipomwuliza alijitetea kwa kuutetea uma: "Huu ni chuma kizito. Aliyemwuzia mjomba alisema hauvunjiki." Na kweli hauvunjiki. Uma unaovunjika hutoa habari zake wenyewe. Mwaka 1913, katika mbio kubwa za kuizunguka Ufaransa, mwendeshaji Eugène Christophe alivunjikiwa na uma akiteremka mlima Tourmalet. Sheria za mashindano zilimkataza kusaidiwa, kwa hiyo aliibeba baiskeli begani zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, akauunga uma kwa mikono yake mwenyewe. Na bado akatozwa adhabu, kwa kuwa mtoto mmoja alimvukutia moto. Kisa hicho husimuliwa hadi leo. Uma uliokosewa kipimo hausimuliwi na mtu, maana ni mzima na umepakwa rangi.

Tuliipeleka baiskeli kwa fundi wetu, mzee wa miaka mingi katika kazi hii, anayekaa chini ya mwembe si mbali na stendi. Hakushika spana. Aliisimamisha baiskeli wima, akarudi nyuma hatua nne, akainama kidogo kama mtu anayetazama safu ya Swala kama imenyooka. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, uma huu na fremu hii hawakuzaliwa pamoja." Fremu ilikuwa ya mashindano, uma ulikuwa wa baiskeli ya mizigo, mrefu zaidi na uliopinda zaidi. Mahali fulani baina ya Ulaya na Mwanza uma wa asili ulikuwa umeharibika, na mtu aliyetaka kuiokoa baiskeli akachomeka uliopatikana. Uliingia, ukafungwa, gurudumu likazunguka, biashara ikaendelea.

Aliyotueleza mzee yule ni elimu ambayo mtoto wa darasa la saba anaweza kuielewa. Kichukueni kiti cha ofisini chenye vigurudumu, mkisukume. Kila kigurudumu hujigeuza chenyewe kikafuata nyuma ya ule mhimili wima unaokishikilia. Hakuna anayekielekeza, kwa kuwa kinagusa sakafu nyuma ya mhimili wake, msuguano wa sakafu hukirudisha kwenye mstari. Gurudumu la mbele la baiskeli hufanya vivyo hivyo. Shingo ya fremu, lile bomba fupi ambamo usukani huzunguka, imelala kidogo nyuma. Ukiuendeleza mstari wake kwa mawazo hadi chini, utagusa ardhi mbele ya pale tairi linapogusa. Tairi basi linaburuzwa nyuma ya mstari wake wa kugeukia. Umbali baina ya alama hizo mbili tutauita mburuzo.

Mburuzo ukiwa mkubwa, baiskeli hutulia na kushika njia, ila usukani huwa mzito, na ukienda polepole kabisa huelekea kuangukia upande mmoja. Mburuzo ukiwa mdogo, usukani huwa mwepesi na wa haraka, na mwendeshaji hulazimika kuuchunga kila nukta. Linalowashangaza wengi ni kwamba uma ukizidi kupinda mbele, mburuzo hupungua, maana mpindo hulisogeza tairi mbele kuelekea ule mstari. Shingo ikizidi kulala, mburuzo huongezeka. Mtengenezaji wa baiskeli huvipima viwili hivi pamoja, kama mpishi apimavyo nazi na maji. Ukibadilisha kimoja peke yake, chakula ni kingine.

Tuseme kwa hesabu. Baiskeli ya kawaida ya mashindano ina shingo yenye pembe ya nyuzi 73 hivi kutoka ardhini, na kitovu cha gurudumu kimesogezwa mbele ya mstari wa shingo kwa sentimita 4.5 hivi. Gurudumu lake lina nusu kipenyo cha sentimita 34. Matokeo ni mburuzo wa karibu sentimita 5.7. Sasa ondoa uma huo, weka wa mizigo uliosogezwa mbele kwa sentimita 7: kwa shingo ile ile, mburuzo hushuka hadi sentimita 3 tu. Ya kijana wetu ilikuwa tatu na nusu, kwa sababu uma mrefu ulikuwa umeinua pua ya baiskeli na kuilaza shingo kidogo. Tofauti hiyo ni upana wa kidole kimoja, na ndiyo iliyomtia mtaroni.

Namna ya kupima ni hii, na haihitaji duka. Isimamisheni baiskeli wima mahali tambarare, usukani umenyooka. Mtoto mmoja aishike. Chukueni fimbo iliyonyooka, muilaze ubavuni mwa shingo ya fremu, sambamba nayo kabisa, hadi ncha yake iguse ardhi, wekeni alama. Kisha ning'inizeni uzi wenye kijiwe kutoka kitovu cha gurudumu la mbele, kama waashi wafanyavyo na timazi; wekeni alama ya pili. Alama ya fimbo inapaswa kuwa mbele ya alama ya kijiwe. Pimeni baina yake kwa rula ya shule. Tuliipima na Phoenix ya zamani iliyoachwa na babu, ambayo bado huleta unga kutoka mashineni, tukapata sentimita saba. Siku hiyo ndipo tulipofahamu kwa nini babu aliweza kuiendesha huku akijifunga kikoi vizuri kwa mikono miwili, jambo ambalo tulikuwa tukilihesabu katika karama zake.

Wataalamu nao wamehangaika na suala hili. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba baiskeli husimama kwa sababu magurudumu yanayozunguka hukataa kuinama, kama pia ya watoto. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones alichapisha matokeo ya majaribio yake: alifunga gurudumu la ziada lililozunguka kinyume ili kuua nguvu hiyo ya pia, na bado baiskeli iliendeshwa vizuri. Kisha akaugeuza uma nyuma mbele, hivyo mburuzo ukaongezeka, na baiskeli ikawa tulivu mno hata ikisukumwa pasipo mtu ilikwenda masafa kabla ya kuanguka. Alipolisogeza gurudumu mbele hata mburuzo ukageuka, ilikuwa taabu kuiendesha. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi na Marekani walionyesha kwa chombo walichokiunda kwamba hata bila nguvu ya pia na bila mburuzo, baiskeli inaweza kujisimamia, ikiwa uzito umepangwa kwa namna maalumu. Kwa hiyo mburuzo si siri yote ya baiskeli. Lakini katika baiskeli zilizo majumbani mwetu, ndio unaoweza kupimwa na kurekebishwa.

Mkitaka kuiona kazi yake kwa macho, ishikeni baiskeli kwa kiti tu, muitembeze, kisha muiinamishe kulia polepole. Gurudumu la mbele litageuka kulia lenyewe, likielekea upande inakoangukia, ili liingie chini ya uzito. Ya kijana wetu iligeuka kwa kusitasita.

Kijana alikuwa na shauri lake. Alimwomba fundi aingize bomba kwenye miguu ya uma, aivute nyuma kidogo, mpindo upungue, mambo yaishe kabla ya Magharibi. Tumeona mafundi wakifanya hivyo mara nyingi, na katika baiskeli iliyogonga jiwe huenda ndiyo njia pekee ya kuifikisha nyumbani. Mzee alikataa. Alisema mguu mmoja ukizidi mwingine kwa unene wa kucha, baiskeli itavuta upande hadi iuzwe vyuma chakavu, na chuma kilichopindwa bila moto, kikapindwa tena, hukumbuka. Alisema neno hilo, hukumbuka, na hatukuhitaji maelezo zaidi.

Alipokuwa akiyasema hayo jicho lake lilikuwa kwenye baiskeli ya binti yetu, iliyokuwa imeegeshwa ukutani. Hiyo ni ndogo, isiyo na bomba la juu, ambayo humpeleka shule na madrasa. Uma wake ulikuwa umerudi nyuma kidogo tangu alipogonga mojawapo ya yale mawe yetu ya Mwanza yasiyohama kwa ajili ya mtu. Kwa upande wa utulivu hakupungukiwa na kitu. Uma uliorudi nyuma huongeza mburuzo. Tatizo lake lilikuwa mguuni: gurudumu lilikuwa limeikaribia kanyagio, na alipokata kona kwa mwendo mdogo, ncha ya kiatu iligusa tairi. Alikuwa akilifahamu jambo hilo na amejizoesha kuinua kisigino. Watoto hujizoesha mengi bila kutuambia. Uma wake ulibadilishwa wiki ile ile, kwa kuwa wa baiskeli kama ile hupatikana kwa urahisi.

Wa kijana haukupatikana. Ndipo, tukiwa katika kungoja, alipokuja mnunuzi.

Alikuwa kijana mwenzake wa mtaa wa pili, fedha mkononi, na bei aliyoitaja ilikuwa nzuri kuliko tulivyotarajia. Aliuona ule wekundu wa fremu, akazungusha magurudumu, akapiga mluzi. Katika "sisi" hii inayoandika makala palikuwa na watu wawili usiku ule, na hatutasema nani alisema lipi. Mmoja alisema kuwa anayenunua anayo macho, na akague mwenyewe. Baiskeli si mbovu, kila kitu kinafanya kazi, na uma ni imara kuliko wa asili. Mwingine akauliza: je, ukikagua kwa macho utauona upungufu wa sentimita mbili? Sote wawili tulisoma tangu chuoni kwamba muuzaji hana budi kuibainisha aibu ya bidhaa anayoijua. Mabishano yetu yalikuwa juu ya neno aibu. Tairi lililopasuka ni aibu, hilo halina utata. Je, uma mzima, wenye nguvu, uliofungwa vizuri, lakini ambao kipimo chake kinaweza kumwangusha mtu mteremkoni mbele ya lori, nao ni aibu? Mambo yote yaliyoonekana kwa macho yalisema hapana. Kiwiko cha mwanetu kilisema ndiyo. Tulilala bila kukubaliana, na asubuhi, kabla ya chai, yule wa kwanza ndiye aliyemwita mnunuzi.

Tulimweleza. Kijana wetu mwenyewe alileta fimbo na uzi akampimia, akamwonyesha alama mbili sakafuni. Yule mnunuzi alitutazama kama watu wanaopandisha bei kwa njia asiyoifahamu. Akasema kwamba wauzaji wengine hawasemi maneno mengi hivyo, akaondoka. Baada ya Swala ya Ijumaa alirudi na bei pungufu, karibu nusu ya ile ya kwanza, akidai kwamba aibu tumeitaja wenyewe. Alikuwa na haki. Hapo tena kijana wetu akasema haiuzi, kwa nusu wala kwa zaidi. Amekwisha kuijua ilivyo na anataka kuitengeneza.

Uma ulipatikana baada ya Idd, kwenye lundo la muuza baiskeli za mtumba, ukining'inia katika fremu ya mashindano iliyokatika. Tulikwenda na fimbo. Muuzaji alicheka, lakini alituachia tupime. Gharama yake ilikuwa sawa na unga wetu wa mwezi mzima, na kijana aliulipia kwa kupakua mizigo stendi kwa majuma matatu. Fundi aliufunga, akajaza grisi, akaisimamisha baiskeli na kurudi nyuma hatua zake nne. Tulipopima tulipata sentimita tano na nusu. Katika vichochoro haichezi tena kama zamani, na kijana alinung'unika siku mbili kwamba imekuwa nzito. Kisha akaenda Usagara na kurudi, akanyamaza kwa namna nyingine.

Ule uma wa mizigo tulimwachia mzee. Yeye aliuweka kwenye baiskeli ya baba mmoja anayechuuza samaki, ambaye uma wake ulikuwa umepata ufa. Baiskeli za kazi hiyo hubeba tenga nyuma, kwenye keria, na mzigo wa nyuma hulifanya gurudumu la mbele liwe jepesi lisiing'ang'anie barabara. Kwa hiyo zinahitaji shingo iliyolala na usukani usiokurupuka. Katika fremu ile uma wetu ulitoa sentimita saba kamili, sawa na Phoenix ya babu. Tunamwona akipita na sangara wake, mkono mmoja ukiwasalimu watu.

Na yule mnunuzi, mwezi uliofuata alibisha hodi akiomba tumwazime fimbo. Aliirudisha siku ya tatu. Tulimwuliza kama amekwisha kununua, akajibu kwamba amepima mbili na bado anatafuta.